Nilibonyeza "Ndiyo kwa Zote"

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika lakini mawingu hayajaondoka juu ya vilima.

Naandika kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia. Katibu amenipa nusu saa na anaitazama saa ya ukutani zaidi kuliko anavyonitazama mimi. Kompyuta yangu iko kwa fundi hapa Ngara mjini, imefunguliwa mgongo, diski yake imechomolewa, na nimepigwa marufuku kuigusa. Nilistahili marufuku hiyo. Kama kuna mwingine anayetafuta programu ya kulinda mafaili yake, asome hapa kwanza kabla hajajifanya mjuaji kama mimi.

Kesho asubuhi lori linaondoka kambi ya wakimbizi kwenda mpakani. Konsolata atakuwemo na watoto wake watatu. Anarudi Burundi, kwenye mlima wao, maana kule mlima ndio kijiji, ambao aliukimbia akiwa bibi harusi wa miezi minne, na mumewe aliyekimbia naye tulimzika hapahapa. Kitu kimoja tu alikuwa anakisubiri kutoka kwangu: sauti ya baba mkwe wake.

Nieleze vizuri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kijiji cha jirani na kambi. Tangu mwaka juzi, kila Jumapili baada ya misa, nimekuwa nikichukua laptopu yangu na kwenda kurekodi wazee wa kambini. Wao ndio walioniomba. Walikuwa wameanza kusikia kwamba kambi itafungwa, na wengi wao walijua hawatafika. Kila mzee anaeleza shamba lake: liko mlima gani, linapakana na nani, ua wa minyaa ulipandwa na nani, kijito kinapita upande upi, na analiacha kwa nani. Kuandikiwa hawakutaka. Karatasi mtu yeyote anaweza kuiandika, walisema, hata mwizi. Lakini sauti ya mzee, walio nyumbani wataijua. Waliongea Kirundi, mimi nikawaelewa bila mkalimani kwa Kihangaza changu, lugha yetu ya Ngara iliyo ndugu na Kirundi.

Mzee Nyandwi, baba mkwe wa Konsolata, nilimrekodi akiwa tayari mgonjwa, ameketi ukingoni mwa kitanda. Alisema wazi kwamba shamba ni la watoto wa marehemu mwanawe, na kwamba Konsolata ndiye atakayelishika mpaka wakue. Akataja majirani wawili walioshuhudia mipaka. Mwezi wa nane akafariki. Sasa yuko mdogo wake, aliyebaki mlimani miaka yote hii, anayelima shamba hilo na ambaye ametuma salamu mara mbili kwa watu wanaovuka kwamba mwanamke aliyefiwa na mume hana chake huko. Konsolata hana hati, hana kaka, hana mume. Alikuwa na faili moja kwenye kompyuta yangu.

Faili hiyo nimeifuta mimi.

Ilikuwa Jumapili iliyopita. Alikuja binamu yangu Leonidas, mtoto wa shangazi, anayefundisha Nyantakara kule Biharamulo. Yeye alipenda kazi yangu akaianzisha kwao, anarekodi wazee wa Kirundi wanaoishi huko. Alikuja na laptopu yake, na diski ya nje mpya, ameizungushia kitambaa kama mkate wa sakramenti, na flashi yenye programu tatu alizozishusha kutoka kwenye mtandao alipokuwa Mwanza. Mpango ulikuwa mzuri, nasema hivyo hata leo: mafaili yangu, mafaili yake na diski ya nje, vyote viwe na kitu kilekile, ili mashine moja ikifa zisife sauti.

Tuliketi tukachagua. Programu ya kwanza ilikuwa inanakili kila kitu upya kila unapoiwasha, saa tatu nzima, na jenereta ya jirani haina saa tatu. Ya pili ilikuwa inafunga mafaili yote ndani ya furushi moja kubwa. Leonidas akasema furushi likipata kidonda kidogo, unapoteza vyote. Tukaitupa. Ya tatu, ile yenye mishale miwili ya kijani, ilikuwa inalinganisha pande mbili na kuhamisha kilichobadilika tu. Dakika sita! Tukapeana mkono kabisa, wajinga wawili.

Mtu wa huku anayesoma hapa nadhani ameshaona shimo. Sisi tuliozaliwa ndani yake hatukuliona.

Kwetu, na kwa Warundi vilevile, jina linaweza kumfuata mtoto kwa jinsi alivyokuja. Wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani, pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi. Jina la ukoo la kutenganisha mtu na mtu hatuna. Mimi mwenyewe ni Butoyi, na darasa la tatu tulikuwa Butoyi watatu. Mwalimu alituita Butoyi mrefu, Butoyi mfupi na Butoyi wa dirishani. Nilikuwa wa dirishani. Halafu mtu huyohuyo, na akili zake timamu, anakwenda kumrekodi mzee na kuiita faili "Nyandwi". Basi, Nyandwi tu. Folda anaiita "Sauti". Na Leonidas kule Nyantakara anamrekodi mzee mwingine kabisa, folda "Sauti", faili "Nyandwi".

Programu ikakutana na Nyandwi wawili. Ikaona mmoja ni wa zamani na mwingine ni wa juzi. Kwa mashine, huyo ni mtu mmoja aliyebadilika.

Leonidas wakati huo alikuwa ametoka nje, nimemwambia programu ilifuta yenyewe. Na fundi nilimwambia hivyo. Hapa sitasema hivyo.

Programu iliuliza. Iliandika kabisa, kwa Kiingereza chake, kwamba faili hii ipo pande zote mbili, je, ile mpya iandikwe juu ya ile ya zamani na kuifuta? Nikasema ndiyo. Ikauliza tena kwa Minani, nikasema ndiyo. Ikauliza kwa Bukuru. Mwaka jana Leonidas alikuwa amenakili baadhi ya mafaili yangu, mengine na si haya, nikadhani ni yaleyale, na maharage yalikuwa yanaungua jikoni, na kale kadirisha kalikuwa kananichosha. Chini yake kulikuwa na kitufe, kwa Kiswahili ningekiita "Ndiyo kwa zote". Nikakibonyeza. Nikaenda kugeuza maharage.

Wazee kumi na mmoja. Wote walipotea huku maharage yakipoa mezani.

Niligundua Jumatatu, nilipotaka kumhamishia Konsolata sauti kwenye kaseti, maana huko aendako kuna redio za kaseti na si kompyuta. Nikafungua Nyandwi. Akaongea mzee nisiyemjua, habari za ng'ombe wake. Nikafunga, nikafungua tena. Yuleyule. Nikachomeka diski ya nje, yuleyule. Nikampigia Leonidas simu, akafungua kwake, akasikiliza, akasema, "Butoyi, huyu ni wa kwangu." Uzuri wa ile programu ulikuwa huo: pande zote zilikuwa sawasawa.

Mtu mwenye busara angezima mashine. Mimi nilifanya nini? Nilianza kutafuta programu nzuri zaidi. Ndiyo! Jumatatu jioni na Jumanne kutwa, nikaja hapa parokiani kushusha programu za bekapu na kwenda kuzifunga kwenye laptopu ileile. Nne. Moja inatunza kila nakala ya zamani. Nyingine inaweka kila siku folda yake. Ya tatu ilikataa kufunguka, ya nne ilitaka niwe na mtandao muda wote, utafikiri nakaa Ulaya. Na ili nizijaribu vizuri, nikaingiza nyimbo zote za kwaya yetu kutoka kwenye flashi ya mwalimu wa kwaya, kwa sababu ni mafaili makubwa. Nilikuwa najiona nafanya kazi. Kumbe nilikuwa natafuta cha kushika mkononi ili nisimfikirie Konsolata.

Jana Jumatano nikaenda kwa fundi. Anaitwa Salumu, ni mpole, ana duka dogo la simu na redio karibu na stendi. Akaniuliza, "Tangu Jumapili umeweka nini kwenye hii mashine, Mwalimu?" Nikamtajia zote nne, na kwaya, tena kwa fahari kidogo ili aone najitahidi. Akafumba macho.

Akanieleza taratibu. Ukifuta faili, mashine haifuti kitu. Inaandika tu mlangoni kwamba chumba kiko wazi. Mpangaji wa zamani bado yumo ndani mpaka mpangaji mpya aingie. Kwa kawaida angemtoa salama. "Sasa wewe umeshaingiza wapangaji wanne," akasema, "na kwaya nzima."

Sikucheka. Niliomba kiti.

Aliichomoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake kubwa, akawasha programu yake ya kufukua. Kutwa nzima ya jana ilikuwa inatembea asilimia moja, asilimia moja. Umeme ulikatika mara mbili, akaanza upya mara mbili. Mimi niko kwenye benchi na daftari la kusahihisha ambalo sikusahihisha. Ni pale kwenye benchi nilipoamua habari ya programu, tena bila furaha yoyote. Nitachukua ile inayotunza kila nakala ya zamani, na nitaitengea diski nyingine, na itapeleka upande mmoja tu: kutoka kwangu kwenda kwenye diski, kamwe isirudi. Ni nzito, inakula nafasi, na itachukua saa zake. Ichukue. Na kila faili itabeba jina la mtu, la baba yake, la mlima wake na la aliyemrekodi, hata jina liwe refu kama litania. Mimi na Leonidas tutabadilishana diski mkono kwa mkono, na kila mtu atakaa na folda ya mwenzake kando bila kuichanganya na yake.

Uamuzi mzuri. Umechelewa siku tatu.

Leo asubuhi Salumu akanionyesha kilichotoka. Mafaili mia na kitu, na hakuna hata moja lenye jina. Yamekuja na namba tu. "Majina hayarudi," akasema. "Utasikiliza moja moja."

Nikavaa spika za masikioni nikaanza saa mbili. Wote walikuwemo, waliofutwa na wasiofutwa, na vipandevipande vya nyimbo, na takataka za mashine. Namba kumi na nne ni bibi anayecheka kila anapotaja jina la jirani yake, maana waligombania ndizi miaka ishirini. Namba thelathini ni mzee anayehesabu miti. Wengine najua wamekufa. Wengine wamesharudi, na sijui kama walipata. Kila sauti ilipoanza nilidhani ndiye, na kila ilipokuwa siye, nilimchukia yule aliyekuwa anaongea, na baada ya hapo nikajichukia mimi. Hakuwa na kosa lolote, maskini, anaeleza shamba lake tu.

Saa sita kasoro nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Shikamoo, mzee." Na kikohozi. Na Mzee Nyandwi akajibu, "Marahaba, marahaba, marahaba," akicheka, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa hicho tu.

Nilipiga kelele dukani. Wateja waligeuka.

Alianza kwa kumsalimia mdogo wake, na akamwita kwa jina la utotoni, jina ambalo kule kambini hakuna aliyelijua. Akamkumbusha siku waliyoanguka pamoja kwenye kijito wakiwa na mbuzi wa baba yao. Akataja mlima. Akataja mpaka wa juu, na ua wa minyaa. Akasema, "Sasa sikiliza vizuri. Shamba hili..."

Na hapo ikaja kelele, kama mvua kubwa kwenye bati. Dakika tatu za kelele, mpaka mwisho wa faili.

Salumu akaijaribu kwa njia zote anazozijua. Baadaye akavua miwani akaniambia kuwa juu ya sehemu ile kumeshaandikwa kitu kingine, haipo tena. Nikamuuliza ni kitu gani. Hakutaka kusema. Nikamshikilia. Akasema ni wimbo.

Konsolata alikuwa amesema atakuja saa nane, na saa nane akaja, amepanda nyuma ya baiskeli kutoka kambini, redio ya kaseti mapajani, ameifunga kwa kanga isilowe. Kabla hajafika Leonidas alinipigia simu akanishauri niseme mashine imeharibika. Akasema siyo uongo. Kweli siyo uongo, na nilikuwa nimeshayapanga maneno hayo mdomoni, pamoja na uso wa kuyasemea. Lakini aliponisalimia na kuniuliza watoto wa shule hawajambo, nikashindwa. Nilimwambia yote. Nilimwambia mpaka kitufe. Mpaka maharage.

Hakulia wala hakunitukana. Aliiweka redio yake mezani, akaniuliza, "Mwalimu, ulikuwa unawahi nini?"

Nikaigeukia mashine ya Salumu.

Akaomba asikie. Tukamwekea. Aliposikia "marahaba, marahaba" aliweka mkono mdomoni. Aliposikia kelele hakushtuka, aliisikiliza yote mpaka mwisho, dakika tatu nzima, huenda alidhani mzee atatokea upande wa pili. Akaomba tena. Mara ya tatu akasema zima.

"Alipoishia, wewe ulikuwepo," akaniambia. "Malizia."

Nikamwambia haitakuwa sawa. Mimi hawanijui kule. Watasikia mara moja ni mtu wa upande huu anayeongea, watasema amepewa maneno. Akajibu kwamba yeye wakimsikia watasema hivyohivyo, na zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayelitaka shamba. "Wewe hulitaki," akasema. "Taja jina lako na la baba yako na kijiji. Wasioamini watavuka waje wakuulize. Utakuwepo?"

Nikasema nitakuwepo. Nilisema haraka, na hapohapo nikaona uzito wake. Watu wakija kuniuliza habari ya shamba la watu mlangoni kwangu, hawatakuja wanacheka.

Salumu akapunguza redio za dukani, akatoa waya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kaseti. Sauti ya mzee ikaingia, mpaka pale "Shamba hili". Kelele akaikata. Akanipa kipaza sauti. Nikasema: mimi ni Butoyi, binti wa fulani, wa kijiji fulani, wilaya ya Ngara, mwalimu. Nikasema sauti iliyokatika ilikatika kwa uzembe wangu na si kwa mkono wa Konsolata. Nikasema mzee alikuwa ameketi kitandani na akili zake zote, na kwamba alisema shamba ni la watoto wa mwanawe, mama yao alishike mpaka wakue. Nikamtaja shahidi wa kwanza.

Shahidi wa pili sikumkumbuka.

Nilimtazama Konsolata, akatikisa kichwa. Siku ile wakati mzee anataja alikuwa nje anapuliza moto. Kaseti inazunguka. Na mimi najua milima ile, najua majina yetu. Mlima gani hauna Minani? Ningesema Minani, na kwa bahati nusu kwa nusu ningepatia. Yule mdogo wa mzee angesikia majina mawili yamenyooka, kazi ingekwisha, na Konsolata angelala kwake. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikasema, "Shahidi wa pili mzee alimtaja. Mimi nimemsahau."

Konsolata hakuinua macho. Salumu akabonyeza kuzima. Akaijaribu kaseti mwanzo mpaka mwisho, ikaongea vizuri, mzee kwanza, kisha mimi, na sauti yangu ikasikika nyembamba kuliko nilivyodhani. Konsolata akaitoa, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaifunga tena kwenye pindo la kanga, akapanda nyuma ya baiskeli. Hakuniambia asante na mimi sikuitarajia. Alisema tu, "Ungeweza kutaja jina lolote," halafu baiskeli ikaondoka.

Sijui alisema kwa kunilaumu au kwa kunishukuru. Nimeligeuzageuza neno hilo njia nzima mpaka hapa, na bado sijui.

Katibu amesimama, anachezesha funguo. Lori linaondoka saa moja asubuhi na shule inaanza saa moja na nusu. Nitakwenda kambini. Nitasimama pale karibu na lori ili anione, akitaka kuniona. Na akipita bila kunitazama?

Nitakuwa nimesimama tu.